Konzi la Mzee wa Mashine

Mzee wa Mashine hakujua kunong'ona. Miaka mingi ya kusimama kando ya injini ya kusaga unga ilikuwa imemla masikio, na mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe huongea kama anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Pale Masii, mji wetu mdogo wa Ukambani, ukitaka habari yako ifike stendi na mnada wa mbuzi kabla ya saa sita, ulimpa yeye kama siri. Alitikisa kichwa, akakuahidi kwamba haitatoka hapo, na ahadi yenyewe ilisikika mpaka kwa mwenye bucha.

Kanisani ndiko alikotumaliza. Mchungaji akisema sasa tuombe kimya kimya, kila mtu alifunga macho na kufungua masikio. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba goti lake la kushoto linamsumbua, kwamba mke wake amemnunia tangu Jumanne, na kwamba anamwomba Mungu ampunguzie mchungaji urefu wa mahubiri. Kwenye mazishi ya jirani mmoja, wakati jeneza linateremshwa na watu wote wamenyamaza, alimwuliza mkewe kama chakula ni hapa hapa au ni nyumbani kwa marehemu. Mjane mwenyewe alicheka. Baadaye alisema kicheko hicho ndicho kilichomfikisha jioni.

Mimi nilimjua kwa ukaribu ambao sikuuomba. Duka langu la ushonaji lilikuwa ukuta kwa ukuta na mashine yake kwa miaka kumi na mitatu. Injini ikinguruma, mkasi wangu ulitembea wenyewe juu ya meza, na wateja wangu walijifunza kunionyesha kwa mikono wanataka gauni refu au fupi. Nimegombana na mzee yule kuliko nilivyogombana na mume wangu, na mume wangu ni shahidi. Aliniita Fundi. Mimi nilimwita Mzee mbele yake, na majina mengine nikiwa peke yangu.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la kaki ambalo halikuwa la kaki tena. Unga ulimkaa kwenye nyusi, kwenye masharubu, kwenye mikunjo ya shingo. Jumapili akishaoga ndipo tulipokumbuka ni mweusi kama sisi.

Mashine yake ilimwaga unga kupitia mfuko mrefu wa kitambaa ambao watu waliuita soksi. Soksi hiyo niliishona mimi, na kila ilipochoka nilishona nyingine. Sasa, mashine nyingi ukisaga debe lako, unga kidogo hubaki umeshika ndani ya soksi, na jioni mwenye mashine anaukung'uta anaenda kula. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Mzee wa Mashine hakufanya hivyo. Kila mteja alipomaliza, alichukua fimbo na kuichapa soksi mara tatu, nne, mpaka vumbi la mwisho litoke, hata kama mwenyewe ni mtoto aliyetumwa na gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, la mtama. Unga ya mtu ni ya mtu, alikuwa anasema. Huo ulikuwa uaminifu mkubwa, sikatai, lakini ulipitia dirishani kwangu na kutua juu ya vitambaa vya watu.

Na bado usidhani alikuwa mkono wazi. Hakuwahi kumwazima mtu ungo wake. Chai yake ilikuwa ya rangi na sukari aliipima kwa ncha ya kijiko. Mke wake wa ndoa alipanga foleni na wanawake wengine akalipa kama wao, na siku aliyojaribu kupita mbele alirudishwa nyuma kwa sauti iliyosikika posta. Punje zilizoanguka sakafuni aliziokota moja moja kabla ya kufagia, akazitia mfuko wa koti, akawapelekea kuku wake. Tulisema kuku wale wanamjua Mungu kuliko sisi.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa suti. Nilikuwa nimemshonea bwana harusi mmoja wa kijiji cha Kola suti nyeusi, kazi ya wiki mbili, nikaitundika karibu na dirisha ili nikiikodolea macho nijisifu. Mzee akachapa soksi ya mteja. Nilipogeuka, suti ilikuwa ya kijivu. Nilitoka nje nikamwambia yote niliyokuwa nimeweka moyoni tangu nihamie pale. Yeye, kwa wema wake, aliingia dukani na kuanza kuipangusa suti kwa mikono yake, mikono ambayo ilikuwa imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza, suti ilikuwa na alama za vidole vyake mgongoni, kumi vyote. Halafu akasimama mlangoni akatangazia soko zima kwamba suti ya fulani wa Kola imeharibika kidogo lakini Fundi anaitengeneza, watu wasiwe na wasiwasi. Bwana harusi alisikia habari hiyo akiwa bado njiani kuja kuichukua. Sikumsemesha mzee mwezi mzima.

Ugomvi huo unaingia katika habari hii, ndiyo maana nimeutaja.

Ulikuwa mwaka wa ile mvua kubwa ambayo watu wote waliijua kwa jina la El Nino. Kwetu ilikata barabara na kubomoa vyoo, lakini ilipopungua tulivuna mahindi ambayo hatukuwa tumeyaona kwa miaka. Huko kaskazini mashariki mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekaa Machakos mjini, ambaye alifika Masii kila siku ya soko. Sisi tulimwita Hajji tu. Lori lake lilishusha ng'ombe kutoka kwao na kurudi tupu. Siku moja alileta mahindi kusaga, na wakati akingoja alimweleza mzee kwamba mto umemeza kijiji cha mama yake, na watu wamekaa juu ya kilima kidogo na maji pande zote.

Mzee alizima injini. Nilikuwa sijawahi kumwona akiizima ikiwa na mahindi ndani. Kimya kilivyoingia ghafla, hata wauza nyanya waligeuka.

"Hajji, lori yako inarudi huko lini?"

Hajji alisema barabara ikikauka, labda wiki tatu, Mungu akipenda.

"Wekea sisi nafasi ya gunia kumi. Tutaleta."

Waliokuwa kwenye foleni walitazamana kujua hao sisi ni nani.

Ni lazima mtu aelewe tulivyokuwa. Sisi ni watu wa mwolyo. Mwolyo ndilo jina la Kikamba la chakula cha msaada, na hakuna mtoto wa Ukambani asiyelijua. Tangu nikiwa mdogo, kiangazi kikibana tulipanga mstari kwa chifu na mifuko yetu, tukapewa mahindi ya manjano, tukarudi nyumbani tukiangalia chini. Redio ikitaja njaa ilitutaja sisi. Kwa hivyo mzee alipotangaza kwamba Masii itapeleka chakula kwa wengine, watu walicheka kwanza. Mwenye bucha aliuliza kama magunia kumi ni ya mahindi au ya vumbi. Na mimi, kwa sababu ya ile suti, nilisema kuku wa mzee mwaka huu watanona.

Hajji hakucheka. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili, akaondoka bila kungoja unga wake. Kuanzia hapo neno la mzee lilikuwa limetoka, na kwa sauti yake ile hakukuwa na namna ya kusema hakuna aliyelisikia. Magunia kumi yangekosekana, yeye na sisi sote tungebaki watu wa kupokea tu, na sasa tungekuwa waongo pia.

Njia yake ilikuwa hii. Aliosha pipa la dizeli kwa majivu na maji ya moto siku mbili, akaliweka kwenye kona karibu na mlango. Kila mtu aliyekuja kusaga, kabla ya kumwaga mahindi kwenye mashine, alichota konzi moja, yaani kile kinachojaa mkono mmoja, akaingiza mkono ndani ya pipa na kuachilia. Konzi moja, si mbili. Na mtu akielekea kwenye pipa, mzee aligeuka akampa mgongo. Alijifanya anakaza mkanda wa injini, au anatafuta fimbo, mpaka mtu amalize. Hakuandika jina. Mwalimu mmoja alimletea daftari mpya ili waliotoa wajulikane, akalipokea kwa shukrani na kulitumia kuwashia moto wa chai.

Diwani wetu alikuja na gunia zima juu ya mkokoteni wa punda, pamoja na watu wawili wa kupiga makofi. Mzee alikataa kulipokea. Alimwambia, na stendi yote ikasikia, kwamba gunia lake ni zuri sana, alipeleke mwenyewe kwa Hajji, lakini kwa hili pipa anatakiwa konzi moja kama mama wa nyanya. Diwani akauliza kwa nini akatae msaada na watu wanazama.

"Gunia yako ikiingia hapa, hawa wote watarudisha mikono mfukoni. Watasema mheshimiwa amemaliza. Na mimi nataka mikono yao."

Diwani aliondoka amekasirika. Dakika chache baadaye alirudi bila wale wapiga makofi, akafungua gunia, akachota konzi lake moja. Mzee akampa mgongo kama wengine.

Mimi nilisaga kila Jumatano. Jumatano ya kwanza nilifika kwenye pipa nikiwa na hasira zangu za suti. Nilimwona mzee amegeuka, nikaingiza ngumi tupu, nikaifungua ndani ya pipa, nikaitoa. Hakuna aliyejua. Nilitembea kurudi kwenye foleni nikijisikia mjanja. Jumatano ya pili nilifanya tena, na ule ujanja ulikuwa umepungua utamu, lakini niliufanya.

Pipa lilijaa, likamwagwa kwenye magunia, likajaa tena. Watoto wa shule walipita asubuhi na mahindi mfukoni. Mama mmoja wa Mwala alikuja na punda wake mpaka mlangoni, akatoa konzi moja, akageuza punda akaenda zake, mwendo wa saa nzima kuja na saa nzima kurudi. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya.

Sisi kwetu chakula ni isyo: mahindi na maharagwe yamechemshwa pamoja mpaka yakubaliane. Basi aliyekuwa na mahindi alitia mahindi, aliyekuwa na ndengu alitia ndengu, mwingine mbaazi, mwingine kunde, mwingine maharagwe, vyote ndani ya pipa moja. Hakuna aliyeona ubaya. Tulijisifu hata, tukasema tunapeleka chakula kilichokamilika, kinangoja chumvi tu.

Siku mbili kabla ya lori kuondoka, Hajji alikuja kuangalia. Alitia mkono ndani ya gunia, akachota, akatazama. Alikuwa mtu wa adabu, na ilionekana anatafuta maneno. Mwishowe alisema chakula ni kizuri, lakini kitu hiki kinataka moto wa asubuhi mpaka jioni, na kule kilimani hakuna ukuni mkavu hata mmoja. Tena wazee wa kwao mbaazi hawajawahi kuziona. Wangepata unga wa kupika haraka, sukari na majani ya chai, hapo wangepona.

Sijawahi kumwona Mzee wa Mashine akiongea kwa sauti ndogo isipokuwa siku hiyo. Alimwita Mungu kwa Kikamba, akasema, "Ngai, nimekosea," na aliyesikia ni mimi tu niliyekuwa dirishani.

Halafu akapata sauti yake. Alitandika maturubai mbele ya mashine na kuita watu. Wanawake walikuja na nyungo zao, wanaume wakaja kutazama wakabaki, mwenye bucha akafunga bucha. Tulikaa chini siku mbili tukichambua, mahindi huku, ndengu huku, mbaazi kule. Vichekesho tulivyotupiana pale! Mchungaji alikuwa mpole sana na punje zake, moja moja, mpaka wanawake wakamwambia hayo si mahubiri, aharakishe. Mzee alisaga mahindi bila kupumzika. Ndengu zilipakiwa zilivyo kwa sababu zinaiva upesi. Maharagwe, mbaazi na kunde wenye maduka walizichukua na kutoa sukari na majani ya chai badala yake. Mimi nilichambua pamoja na wengine, magoti yameniuma, nikijua kwamba katika lile lundo lote hakuna punje yangu hata moja.

Nilishona midomo ya magunia pia. Nilijiambia uzi wangu ndio konzi langu, nikaanza kutulia. Lakini jioni mzee alikuja dukani akanilipa bei ya uzi mpaka senti ya mwisho, kwa sababu kitu cha mtu ni cha mtu. Na mimi nikapokea. Sijui kwa nini nilipokea. Mkono ulienda wenyewe.

Asubuhi ya lori tulikuwa na magunia tisa, na la kumi limepungua kidogo. Hajji alisema tisa ni baraka, waondoke. Mzee alisema alitaja kumi. Alipanda juu ya kigoda kando ya pipa, akaita. Sihitaji kueleza aliitaje. Watu walitoka mnadani, hotelini, zahanatini, wakapanga mstari mrefu uliozunguka duka langu. Nilijikuta ndani ya mstari, nimesukumwa na wenzangu, nimetoka na sindano ya magunia na kipande cha uzi tu. Nilikuwa nimeamua kabisa kutoa safari hii. Lakini mahindi yangu yalikuwa nyumbani, mbele yangu kulikuwa na kikongwe aliyefunga konzi lake kwenye ncha ya leso, nyuma yangu kulikuwa na watu arobaini. Ningewaambia nini? Nilipofika, mzee akageuka. Nikaingiza mkono mtupu mara ya tatu, na uso ukaniwaka.

Gunia la kumi lilijaa. Yale mahindi mzee aliyasaga pale pale, unga ukapakiwa ungali una joto, na lori likaondoka. Watu walilifuata mbio mpaka nje ya mji wakipunga mikono, watu wazima.

Wiki kadhaa baadaye Hajji alirudi na salamu za mama yake. Alisema wazee wa kule waliuliza unga umetoka wapi, wakaambiwa Ukambani, wakasema lakini hao si ndio wenye njaa? Tulicheka mpaka tukalia. Jumapili hiyo mchungaji aliomba kila aliyetia konzi lake kwenye pipa asimame tumpongeze. Kanisa lote lilisimama. Na mimi nilisimama. Mungu ananiona, nilisimama, nikapiga makofi na kupigiwa makofi.

Pipa halikuondoka pale kwenye kona. Shule ilipoezuliwa na upepo, pipa lilitumika. Nyumba ya mjane ilipoungua, pipa. Na mwaka mmoja mvua ilianza na dhoruba iliyobeba mabati ya duka langu yote ikayatupa kwenye shamba la mtu. Vitambaa vililowa, cherehani ikajaa maji. Nilikuwa bado nimesimama hapo wakati mzee alipoanza kuita. Kufikia siku ya soko iliyofuata nilikuwa na mabati mapya, yaliyonunuliwa kwa kuuza makonzi ya watu ambao wengi wao sikuwahi kuwapunguzia bei ya kifungo. Nililia, na wote wakadhani ni kwa sababu ya vitambaa.

Tangu lile lori liondoke nilikuwa nikitia konzi langu kila Jumatano, na baada ya mabati hayo lilijaa mpaka punje zinaanguka. Lakini yale matatu ya kwanza hayakunitoka. Unaweza kushona nguo juu ya kosa ulilolikata, isionekane, lakini wewe fundi unajua liko wapi. Nilitaka kumwambia. Shida ilikuwa ile ile moja: nani anaweza kumwungamia mtu asiyejua kunong'ona?

Miaka ikapita. Umeme ulifika, mwanawe akanunua mashine ndogo isiyo na kelele wala soksi, na watu wakazoea unga wa pakiti. Mzee alihamia kwenye shamba lake upande wa Mwala. Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mwaka ambao kiangazi kilikaza tena huko kaskazini na mifugo ya watu ikawa inakufa kando ya barabara. Nilisikia kwamba ameweka debe mlangoni kwake. Nilijaza mfuko wa debe zima la mahindi mazuri ya shambani kwangu, nikapanda boda boda, nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, na debe lile kando ya mguu. Alikuwa amekonda. Nyusi zilikuwa nyeupe, na safari hii haukuwa unga. Alinitambua kabla sijafika, akaniuliza habari ya ile suti ya Kola, kwa sauti ile ile. Mke wa mwanawe aliyekuwa akisugua sufuria uani aliinua kichwa, akacheka.

Tulikunywa chai yake isiyo na sukari. Halafu nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba nina neno la ule mwaka wa mafuriko. Aliweka kiganja nyuma ya sikio. Nikarudia. Akatikisa kichwa.

"Ongea kwa nguvu, Fundi. Haya masikio yalibaki kwa mashine."

Basi nilisimama pale uani, mama mzima mwenye wajukuu, nikapiga kelele kwamba mwaka ule sikutia mahindi, kwamba mara tatu niliingiza mkono mtupu kwenye pipa. Kusugua sufuria kulikoma. Ng'ambo ya uzio, mwanamume aliyekuwa akifunga punda kwenye mkokoteni aliacha punda. Hata kuku nadhani walisikia.

Mzee alinitazama. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika goti lake la kushoto.

"Kwani ulidhani ni wewe peke yako? Watu waliopita pale walikuwa wengi kuliko mahindi. Hiyo nilijua siku ya kwanza."

Nikamwuliza, kwa kelele, mbona basi alikuwa anatupa mgongo badala ya kutuangalia.

Aliacha kucheka. "Kulikuwa na mama wa kusaga gorogoro moja, na nyumbani ako na watoto saba. Yeye alikuwa anaingiza mkono mtupu anatoa umejaa. Sasa nikimwangalia, angechukua aje?"

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilifikiri mgongo wake ulikuwa ni wa kutuamini sisi wenye kutoa. Sikuwahi kufikiri kwamba lile pipa lilikuwa linapeleka msaada hata kabla ya lori kufika.

"Wewe uliingiza mtupu ukatoa mtupu," akasema. "Hukutupunguzia kitu." Akafuta macho kwa upindo wa koti. "Lakini kanisani ulisimama. Hiyo niliona. Mimi ni masikio tu ndiyo mabaya."

Mke wa mwanawe aliingia ndani haraka, na nilimsikia akicheka jikoni. Mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Nikafungua mfuko wangu, nikamwambia nimeleta debe zima, apokee, tumalize. Alitazama ndani, akazigeuza zile punje kwa kidole, akasema ni mahindi mazuri sana. Halafu akausukuma mfuko ukarudi miguuni kwangu.

"Hiyo peleka nyumbani. Hapa tunapokea konzi."

Akashika ukuta kwa mkono mmoja. Goti lilimsumbua, na ilimchukua muda, lakini aligeuza kigoda chote mpaka akatazamana na ukuta, akakaa hapo ananingoja, amenipa mgongo. Nilichota konzi langu moja, nikaingiza mkono ndani ya debe, nikaachilia. Punje zililia kwenye bati, na yeye hakuzisikia.